Muuzaji Asiye na Nyavu

Mwalimu wetu wa kompyuta alivuka ziwa kutoka Kongo mwaka 1998, akawa anatufundisha kuandika programu za Java katika chumba cha nyuma cha kanisa, mjini kwetu Kashikishi. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Kila alipoulizwa swali, alifumba macho kwanza na kuyasugua kwa kifundo cha mkono.

Jioni moja Luse, msichana mwenzetu darasani, alikwama. Baba yake alikuwa amemwambia amalize programu ya soko la samaki mwezi ule, la sivyo arudi kuanika dagaa. Alikuwa ameandika klasi ya Mvuvi, yaani kiolezo chenye sifa zake zote, nyavu zikiwemo, kisha akaifanya klasi ya Muuzaji iirithi, kwa sababu wote wawili hupima samaki. Sasa kila muuzaji aliyeingizwa alidaiwa idadi ya nyavu zake. Mwalimu akafumba macho. “Muuzishaji haiko mutoto ya muvuvi, mama. Ukirithi, unabeba vyote vya baba, na nyavu ndani. Andika intafesi. Ile ni ahadi tu: mwenye kuikubali anasema, nitapima. Namna ya kupima ni shauri yake.”

“Kwa hiyo nifute yote?”

“Ufute. Tuko pamoja.”

Akavuta kiti, ingawa darasa lilikuwa limekwisha. Luse akaandika upya, Mvuvi na Muuzaji wakiahidi kupima, kila mmoja kwa njia yake. Programu ikakubali. Alipogeuka kumwonyesha, mwalimu alikuwa amelala palepale kitini. Luse hakumwamsha. Alipunguza mwanga wa kioo cha kompyuta, akaketi kumngoja.