Kilo za Mama Mkwe

Shemeji yangu Safwan ana msemo wake ambao sisi wa nyumbani umetuchosha: "Ndege haijui mkubwa wala mdogo." Kazi yake ni kuuza vipuri vya malori pale Changamwe, na dukani ni mtu mpole, hata mteja akimfokea humjibu kwa naam. Lakini akifika kile kiwanja kidogo cha udongo wa murram huko Kisauni ndani, anapoweka ndege kuukuu ya viti vinne anayoimiliki pamoja na fundi Oduor, hugeuka mtu mwingine. Huizunguka akiipapasa mabawa na magurudumu. Huchota mafuta kidogo kwenye kichupa na kuyaangalia juani yasije yakawa na maji. Kisha huitembea njia ya kurukia kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho, akiokota mawe na kufukuza mbuzi. Katikati ya njia, pembeni, ameweka tairi aliyoipaka chokaa. Sheria yake ni kwamba ndege ikifika pale haijainuka, anakata mwendo na kusimama, hata awe amembeba nani.

Na kila abiria hupimwa uzito, yeye na mzigo wake, kwenye mizani ya magunia. Aliwahi kumteremsha kaka yake wa tumbo moja mbele ya rafiki zake kwa sababu ya begi. Tukampa jina la Bwana Mizani, likamkaa vizuri, tena akaringa nalo.

Sasa mama yetu, Bi Mwanarehema, akaalikwa harusi ya mpwa wake Lamu. Akatangaza kwamba mkwewe ndiye atakayempeleka kwa ndege, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Safwan alituomba tutoke mapema, hewa ikiwa bado baridi, kwani jua likikaza ndege ndogo hupata taabu kunyanyuka. Lakini umwambie Mama mapema! Alingoja halwa ipoe. Akangoja samli iletwe. Akarudi ndani kubadilisha mtandio. Tulifika kiwanjani jua la utosi, na upepo hakuna.

Dada yangu Hafswa, mkewe Safwan, akapimwa. Nikapimwa mimi, Israa, na kilo zangu zikasomwa kwa sauti kama za papa sokoni. Masanduku yakapimwa. Ikaja zamu ya Mama.

Mama yangu ni mtu wa mwili. Nasema kwa mapenzi, na akinisikia atanirushia kandambili. Alisimama mbele ya mizani na buibui lake, kapu la halwa na samli mkononi, akamtazama mkwewe. Changawa, mlinzi wa kiwanja, aligeuza shingo. Madereva waliotuleta nao wakageuza. Safwan akainama akaipangusa mizani vumbi. Huyu ni mtu ambaye miaka yote ya ndoa yake hajawahi kumtazama Mama usoni, akila kwetu huinamia sahani. Leo amwambie apande mizani ya magunia mbele ya wanaume?

"Mama, wewe pita tu," akasema.

"Kwani mimi sipimwi?"

"Wewe nakukadiria, Mama."

Nikamsikia akimtajia Oduor, aliyekuwa akiandika uzito: sabini. Sabini! Mama aliiaga sabini kabla mimi sijazaliwa. Lile kapu akalipakata mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumwambia alitoe.

"Safwan," Oduor akaanza, "hebu ngoja kwanza..."

"Tushachelewa, ndugu yangu."

Tukaingia. Safwan akaipeleka ndege mpaka mwisho kabisa wa njia, akaikanyagia breki, akaipa injini nguvu zote hata meno yetu yakagongana, kisha akaiachia. Tukakimbia. Mwanzoni Mama alikuwa akisoma dua kwa raha zake. Nikaiona tairi nyeupe inakuja, nikangoja magurudumu yaache ardhi, na tairi ikapita dirishani kwangu nasi tungali chini. Safwan aliiona. Nilimwona anaiona. Lakini hakukata mwendo, maana kusimama kungemlazimu aseme sababu.

Akavuta usukani. Pua ikanyanyuka, magurudumu yakaacha murram kidogo, kisha tukashuka kwa kishindo na king'ora cha hatari kikaanza kulia mle ndani. Hafswa akapiga ukelele. Hapo ndipo Safwan alipokata mwendo na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tuliburuzika tukiteleza mpaka tukaingia kwenye ua wa miiba mwisho wa kiwanja, na samli ikanimwagikia mapajani.

Hakuna aliyeumia. Mama alitolewa, mtandio begani, na Oduor akafika mbio akihema.

"Wewe ndiye fundi?" Mama akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Injini gani hii umetutengenezea? Wataka kunizikia wanangu? Huna haya!"

Oduor akamtazama Safwan. Sisi sote tukamtazama Safwan. Naye akainama, akaanza kuchomoa miiba kwenye gurudumu, mmoja mmoja, kama kwamba ndiyo kazi iliyomleta duniani. Nilimchukia wakati ule, wallahi. Oduor akageuka akaenda zake.

Alasiri nyumba yetu ilijaa wanawake wa mtaa waliokuja kutoa pole. Habari ilikuwa imeshaiva: injini mbovu, fundi wa bara hajui kazi, afukuzwe. Safwan akabisha hodi akiwa bado na vumbi la kiwanjani. Akavua viatu, akaja akakaa chini sakafuni, karibu na mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Ile ndege iuze. Na yule fundi mwachishe leo leo."

"Mama, nilikuwa naomba tuzungumze faragha."

"Sema papa hapa. Hawa ni watu wetu."

Nikamwonea huruma, maana nilijua kilichomkaba. Akinyamaza, jina la Oduor limekwisha Mombasa nzima, na nani tena atampa ndege aitengeneze? Akisema, atamtajia mama mkwe wake kilo mbele ya majirani. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Injini ni nzima," akasema mwisho, macho kwenye mkeka. "Oduor hana kosa. Alitaka kunizuia, nikamkatiza. Ndege ilizidiwa uzito. Kila mtu nilimpima, Mama, ila wewe. Niliona haya. Na pale pa kusimama palipofika sikusimama, kwa haya hizo hizo."

Wanawake wakautazama mwili wa Mama, kisha wote kwa pamoja wakatazama vikombe vyao. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Hafswa alijifunika uso kwa leso. Mwadhini akaanza kuadhini, Mama akaitikia mpaka mwisho.

"Ulinionea haya kunipima," akasema taratibu. "Kuniua hukuona haya?"

Machozi yalimtoka Safwan, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na hakuyafuta.

"Na mimi nimemtukana mtoto wa watu bure," Mama akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na sasa ni yeye aliyekuwa hawezi kututazama. "Mficha uchi hazai, Safwan. Mpigie simu Oduor. Mwambie Bi Mwanarehema yuwamwomba aje, na aje na ile mizani ya kiwanjani."

"Mama, si lazima..."

"Aje nayo. Nami nitaipanda hapa hapa, mbele ya hawa hawa. Na wewe ndiye utakayesoma, kwa sauti, kama ulivyomsomea Israa."

Akaanza kuvua kandambili.