Maski Mlangoni mwa Kanisa

Kanisa letu hapa Waithaka lilipofunguliwa tena, niliwekwa mlangoni kuhakikisha kila mtu amevaa maski. Kazi ya kuchosha roho! Huyu ameisahau nyumbani Kinoo, yule ameikalia mfukoni, mwingine ananiambia korona ilishaisha. Kisha akafika Mama Njoki, uso wazi kabisa.

"Mama, maski iko wapi?"

"Mimi nimefunikwa na damu ya Yesu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikaishusha yangu chini ya mdomo ili anisikie vizuri, nikafoka mpaka kwaya ikanyamaza:

"Mama, maski ni ya kufunika mdomo na pua! Kwani ni ngumu kuelewa?"

Kanisa zima likageuka. Mama Njoki akanitazama kwa huruma.

"Nimeelewa, mwanangu. Kumbe wewe hukohoa kwa kidevu?"