Mzee wa Baiskeli Isiyo na Cheni

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mke wangu Leokadia yuko hai, nenda kamuulize. Sikunywa kitu siku hiyo. Hata chai sikunywa.

Mimi ni Mhangaza wa Kasulo, ila nimehamia huku upande wa Nyakahura kulima. Sasa kwetu kuna jambo moja wazee hawataki mchezo nalo: mwanamke akishikwa na uchungu, njiani hamsemi mnakokwenda. Mtu akikuuliza, unamjibu unakwenda shambani, basi. Ukisema ukweli, eti mtu mwenye jicho baya anaizuia safari yenu. Mama yangu, tunayekaa naye huku, alinikumbusha asubuhi ile mara tatu. Mimi nikamwambia, "Mama, hizo ni porojo." Nilikuwa mbishi, sikatai.

Ila ndani nilikuwa naogopa. Mtoto wetu wa kwanza hatukumpata, alizaliwa kimya. Huyu alikuwa wa pili, na Leokadia alikuwa anauma tu ncha ya kitenge. Bodaboda wote wa kijijini walikuwa wamepeleka watu mnadani. Simu yangu ilikuwa imezima, sola haikuchaji kwa sababu ya mvua. Ikabaki baiskeli. Nikakunja blanketi juu ya keria, Leokadia akapanda na beseni lake lenye nguo za mtoto, tukaanza safari ya zahanati.

Pale kwenye kona ya mikaratusi tukamkuta mzee amesimama na baiskeli. Koti refu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Pengine ni ule ubishi wangu na mama. Nikamwaga yote: "Nampeleka mke wangu zahanati, uchungu umemshika. Mimba ya pili, mzee. Wa kwanza hatukumpata." Leokadia alinifinya mgongoni hadi nikaruka. Mzee akasema, "Haya," akatupisha. Hapo ndipo nilipoiona baiskeli yake vizuri. Haikuwa na cheni. Nikawaza, maskini, imekatika, atakokota mpaka wapi?

Hatukumaliza hatua hamsini, tairi la nyuma likalala. Pancha. Nikatoa gundi na kipande cha mpira, nikaziba, nikapiga pampu mpaka likajaa. Leokadia amekaa chini ananitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka. "Si ulisema ni porojo?" akaniuliza. Nikajifanya nafunga pampu.

Tukapanda. Mbele kidogo cheni ikakatika. Hebu niambie, cheni mpya, niliyoifunga wiki ile ile, inakatikaje njia ya tambarare? Nikaigonga kwa jiwe, ikashika. Nilikuwa natukana, nasali, natukana tena.

Tukashuka bondeni kwenye kijito. Na nani yuko pale ng'ambo? Mzee yule yule! Koti lile, kofia ile, na baiskeli yake ameipindua magurudumu juu. Niamini, njia ni moja tu, na hakuna mtu aliyetupita.

"Mnakwenda wapi?" akauliza, kama ndiyo kwanza anatuona.

Safari hii nilikuwa nimepata adabu. "Shambani, mzee."

Akalitazama tumbo la Leokadia, akalitazama na beseni. "Shambani na beseni la uzazi?" Akacheka kidogo, wala si kicheko kibaya. "Haya, nendeni shambani."

Nikasukuma kupandisha mlima wa ng'ambo ya kijito. Kabla hatujafika juu, ekseli ya nyuma ikavunjika, gurudumu likapinda, likagoma kabisa. Nikaitupa baiskeli majanini. Nilimshika mke wangu kiunoni, tukatembea. Alikuwa anatembea hatua kumi, anainama, anatembea tena. Nililia, sikufichi. Nilijua mdomo wangu umemuua mtoto wa pili.

Tulifika zahanati jua la utosi. Gari la wagonjwa limesimama mlangoni, injini inawaka. Muuguzi akatoka mbio: "Ni Leokadia huyo? Mbona mmechelewa hivyo? Dereva alikuwa anaondoka!" Wakampakia. Biharamulo wakampasua siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, kitovu kimemzunguka shingo. Daktari alisema tungebaki kuhangaika kijijini, au tungekuta gari halijaitwa, ningezika watu wawili. Lakini binti alilia! Nimeishi miaka yote sijasikia sauti tamu kama ile.

Ndipo siku tuliporudi nikaenda kumshukuru yule muuguzi, nikamuuliza gari liliitwa na nani. Akanishangaa. "Si ulimtuma baba yako? Mzee wa koti refu, anakokota baiskeli haina cheni. Alisema mkwe wake Leokadia anakuja, mimba ya pili, mtoto amekaa vibaya."

Eti baba yangu! Baba yangu yuko Kasulo, mzima, anachunga mbuzi, na baiskeli hajui hata kuipanda.

Nikauliza, "Alifika saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Ndiyo kwanza tunafungua."

Saa moja! Saa moja mimi nilikuwa bado nyumbani najaza upepo, nabishana na mama. Tulionana naye kwenye mikaratusi imeshapita saa mbili. Na jina la Leokadia sikumtajia kabisa. Sasa nieleze wewe mwenye akili: ni yeye aliyeniharibia baiskeli, au ni yeye aliyeniokolea mtoto? Au watu hao ni wawili?

Binti yetu anatembea sasa. Baiskeli nimenunua nyingine, na kila nikipita kona ile tairi la nyuma linalala, hata niwe nimelijaza dakika ile. Mafundi wamechoka na mimi.

Na Leokadia ana mimba tena, mwezi wa nane. Mama anasema nifunge mdomo. Leokadia anasema nimweleze yule mzee kila kitu, tena kwa heshima. Wanagombana jikoni kila jioni, mimi niko katikati, sijui nimfuate nani.

Kwa hiyo wewe unayepita njia ile na mgonjwa wako, sikiliza. Ukikutana na mzee mwenye baiskeli isiyo na cheni, akakuuliza unakokwenda, usidhani anauliza kwa kuwa hajui. Anajua. Sasa anauliza ili iweje? Hapo ndipo ninapokwama, na mwezi umebaki mmoja.