Mpima Magoti

Mjukuu wangu amening'ang'ania niandike habari za mpima magoti, kana kwamba mkono huu ulizaliwa na kalamu. Haya. Tangu niwekewe goti la chuma, huyo kijana wa utafiti huniita hospitalini aone ninavyopona. Kabla ya kunigusa hupasha mikono yake kwapani, kisha huliamkia goti kwanza, mimi baadaye. "Bibi, maumivu ni mangapi leo, sifuri mpaka kumi?" "Kwani maumivu ni mayai, baba, uyahesabu?" Hucheka kwa pua, akangoja mpaka nitaje.

Kazi kubwa ni kuinuka kitini bila kushika kitu wala mtu, yeye akinipimia muda kwa saa. Hilo nililitaka kuliko yeye, maana nyumbani mke wa mwanangu alikuwa akininyanyua chooni kama gunia la viazi. Kijana haruhusiwi kunisaidia, basi hufungia mikono mgongoni. Lakini nikijikaza, naye hujikaza. Nikikunja uso, naye hukunja, kama mama anayemlisha mtoto huku akiachama mwenyewe. Siku nilipoinuka kweli, nilimkuta kasimama kwa ncha za vidole, pumzi kaibana, jasho linamtiririka. "Samahani, bibi," akasema, "nimesahau kubonyeza saa. Turudie?" "Rudia wewe!" nikamwambia, nikaenda zangu chooni, peke yangu, nikafunga na mlango. Na wewe unayesoma huku umejibweteka, hebu inuka hapo bila kushika kitu, tukuone.