Amplifaya ya Kumkomoa Jirani

Juzi, katika duka moja pale Mwanga, dada mpiga gitaa wa kwaya alijaribu amplifaya ya wastani. Alipopiga nyuzi, hata wapita njia walisimama.

“Mzee, hii inautosha ukumbi wetu,” alimwambia kiongozi wake. “Na maneno ya waimbaji yatasikika.”

Mzee akaisukuma kwa ncha ya kiatu. “Inatosha humo ndani. Wale wenzetu wa kanisa la ng’ambo ya barabara watasikia nini?”

Wakabeba kubwa kuliko zote.

Hivi jamani, tunamwimbia Mungu au tunamkomoa jirani? Jumapili nilichungulia ukumbini. Waimbaji walifumbua midomo, sikusikia hata neno kwa ngurumo ya gitaa. Amplifaya ilikuwa dirishani, ikitazama barabara. Waumini wenyewe walikuwa wamepewa mgongo.