Betri Nilizoanika Juani

Najua mnavyotutania. Ukitaja Sumbawanga tu, mtu anakuuliza ulikuja kwa basi au kwa ungo. Ndiyo maana jambo hili nimekaa nalo kimya miaka mingi, maana nani angeniamini? Lakini lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kanisa likiwa limejaa watu, na kanda ninayo mpaka leo. Ukitaka kucheka, cheka nikimaliza.

Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa Ilemba. Mimi nilipelekwa mjini kwa shangazi, mtaa wa Malangali, nikajiunga na kwaya ya kule Chanji. Sauti yangu, nisikufiche, ni mbovu. Mwalimu Sabasi, aliyetufundisha kuimba, alikuwa mpole mno kumfukuza mtu. Alinivumilia mwezi mzima, kisha akanikabidhi redio kaseti ndogo ya mkononi, zile zilizoanza kujaa madukani biashara ilipofunguliwa. Akasema, "Wewe una masikio mazuri. Kazi yako iwe kurekodi." Rafiki yangu Kristina, aliyeimba sauti ya kwanza, alinicheka wiki nzima.

Cha ajabu, niliipenda kazi ile. Nilijua kuwa umeme wa ukutani unavuma kwenye kanda, tena unaweza kukatika wimbo ukiwa umekolea, kwa hiyo nilitumia betri. Redio niliiweka juu ya kigoda, chini yake kitenge nilichokunja mara nne ili vishindo vya miguu visiingie. Nilikaa mbali na ngoma. Utepe niliukaza kwa kalamu kabla ya kuanza, na wimbo ukishaanza sikugusa kitu. Nilikuwa na maringo kidogo, nakubali.

Mwaka ule masikio ya Mwalimu yakaanza kufa. Hospitali walimwambia hayatarudi. Zilizotangulia kupotea ni sauti nyembamba: filimbi, vifaranga, watoto wakiitana. Wale wa sauti ya kwanza hakuwasikia tena, akawa anatuongoza kwa kutazama midomo yetu. Na alikuwa na wimbo mmoja aliotunga zamani, mkewe Oliva akiwa hai. Oliva ndiye aliyekuwa akiushika kwa sauti ya pili. Alifariki kabla mimi sijafika mjini, hata picha yake sikuwahi kuiona, na wimbo wenyewe haukuwahi kurekodiwa.

"Nataka niusikie wote, ningali nasikia kidogo," Mwalimu aliniambia wiki moja kabla ya tamasha letu, huku akinipa betri kubwa nne mpya. "Nakutegemea, mwanangu."

Unajua nilifanya nini? Nilikaa na ile redio jikoni kwa shangazi, nikasikiliza vipindi vya salamu kila siku, nikijidanganya kwamba ni kidogo tu. Kufika Jumamosi betri zilikuwa zimekwisha. Nikazianika juu ya bati zipate jua, kama tulivyofanya wote siku hizo, na sikumwambia mtu. Aibu ile bado ninayo.

Tamasha lilianza Jumapili saa tisa alasiri. Nje upepo wa Julai ulikuwa unapuliza vumbi na baridi pamoja. Nilikaa chini karibu na kigoda changu, mbele ya benchi la kwanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, kile kitaa chekundu cha redio kikaanza kufifia. Na wimbo wa Mwalimu ulikuwa wa nne.

Hapo ndipo nikaona kuna mama amesimama kando yangu. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, amevaa sare ya kwaya ya kijani. Sisi siku hiyo tulivaa za zambarau. Nikadhani ni mgeni kutoka kigango kingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umezianika, eti?" Kiswahili chake kilikuwa na Kifipa ndani yake, na hakuwa na hasira hata kidogo.

Machozi yakanilenga. Nikamwambia ndiyo, ni kosa langu, na Mwalimu hajui.

"Usiizime. Ukiizima haitawaka tena," alisema. "Iache iende. Mimi nitasimama hapa hapa."

Akaweka kiganja juu ya bega langu. Niamini, kiganja kilikuwa na joto la mtu aliyetoka jikoni. Wimbo wa nne ulipoanza, naye akaanza kuimba, ameinama kidogo kuielekea redio, sauti ya chini, nzito na tulivu. Alimaliza pamoja na kwaya. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye yale magurudumu ya kanda, yakizunguka kwa kujikongoja. Watu walipiga makofi, wakaanza kutoka, na mimi sikubonyeza kitu mpaka redio ikasimama yenyewe. Nilipoinua kichwa kumshukuru, hakuwepo.

"Yule mama wa sare ya kijani kaenda wapi?" nilimuuliza Kristina.

"Mama yupi? Mimi nilikuona wewe tu, unaongea na kigoda."

Jioni ile tulikwenda kwa Mwalimu, mimi na Kristina. Umeme ulikuwepo, tukaichomeka redio ukutani. Sasa sikiliza hapa. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, kanda inakwenda polepole. Ukija kuicheza kwa nguvu kamili, kila kitu kinakimbia na sauti zinakuwa nyembamba. Wimbo wa tatu ulianza kukimbia. Wa nne ulipofika, kwaya nzima ililia kama vifaranga. Kristina alianza kucheka, halafu ghafla akanishika mkono.

Katikati ya vile vifaranga kulikuwa na sauti moja isiyokimbia. Sauti ya pili, nzito, tulivu, katika mwendo wake halisi. Wenzake walimaliza ubeti, wakamaliza wimbo, makofi yakapita kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe. Yeye akaendelea peke yake juu ya kanda tupu, hakuruka neno, mpaka mwisho.

Mwalimu alikuwa ameinama, sikio lake limegusa spika. Aliinua uso ukiwa umelowa machozi.

"Huyu ni Oliva," alisema. Kisha akatutazama kama mtu anayeuliza njia. "Lakini mbona namsikia yeye peke yake? Ninyi wengine mko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Ile fujo niliyoisababisha haikuwa imemfikia kabisa. Sauti zetu zilikuwa zimepanda mno, zimepita pale masikio yake yalipoishia. Kilichobaki ni mkewe.

Nikapiga magoti nikamweleza habari za betri, zote, nikirudia kwa sauti kubwa ili anisikie. Akanishika kichwa. "Irudishe mwanzo, mwanangu," alisema. Tuliirudisha mara saba usiku ule. Kabla hatujaondoka alivunja mwenyewe vile vijipande viwili vya plastiki vya nyuma ya kanda, ili mtu yeyote asije akarekodi juu yake.

Aliisikiliza kila jioni kwa miaka minne, na siku masikio yalipofunga kabisa alikuwa akiweka mkono tu juu ya spika. Alipofariki, kanda aliniachia mimi. Nimejaribu kuinakili kwenye vimashine vya kisasa. Vifaranga vinaingia vyote. Yeye haingii.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayerekodi kwaya na ngoma za watu: nunua betri mpya, na usizimalize kwa salamu za redio. Na ukiona mtu amesimama karibu na mashine yako anaimba, usimwambie asogee. Muulize jina lake. Mimi sikumuuliza. Nilimwita mama tu, na asante yangu bado ninayo.

Siku hizi shangazi wa watu nimekuwa mimi, na wajukuu wa ndugu zangu wananiambia simu yangu inaita wakati mimi siisikii. Juzi niliicheza ile kanda. Wenzangu wanazidi kufifia, sauti ya Kristina siipati tena kabisa. Yule mama namsikia vizuri.