Taa ya Breki ya Ta Karugendo

Joviana wa Karugendo alikulia kati ya spana. Gereji ya baba yake ilikuwa Kibeta, nyuma ya nyumba, chini ya bati lililotoboka, na mtoto huyo alijua kutoa upepo kwenye breki kabla hajajua kumenya ndizi vizuri. Kaka yake Wilbert aliipenda gereji jioni, wateja wakija na bia.

Magoti yalipoanza kumsumbua mzee, akawaita wote wawili. Gari lake mwenyewe lilikuwa limewasha taa ya breki ya kwenye dashibodi, haizimi.

"Atakayelitibu hili," akasema, "ndiye atashika funguo za gereji. Nimemaliza."

Wilbert akarukia. Akabadilisha pedi, akabadilisha pampu ya breki, ile masta, akatoa upepo. Taa ikamtazama. Akaipiga dashibodi ngumi. Taa ikamtazama tu.

"Toka hapo," Joviana akamwambia. "Unabadilisha vitu kama mgonjwa anayemeza vidonge vya jirani."

"Haya, daktari. Tibu."

Joviana akachomeka mashine ya kupimia. Ikataja sensa, kile kifaa cha kuhisi mgandamizo wa breki. Mwingine angeishia hapo. Yeye alijua mashine inataja mtuhumiwa tu, haihukumu. Akamketisha baba yake kwenye kiti, miguu mbali na pedali. Mashine ikasema kuna mtu amekanyaga breki. Nani? Hakuna. Akafuata waya kwa vidole mpaka kwenye masta, akapima umeme, upo. Akafungua soketi, kavu, haina kutu. Basi akaenda kwa Kamala, mwenye gari kama hilo lililokufa injini, akaazima sensa yake, akaifunga. Taa ikazimika. Akaing'oa, akairudisha kwa mwenyewe, akaagiza mpya kutoka Mwanza.

"Breki zako nzima, tata. Sensa ndiyo inasema uongo. Lakini ikidanganya, gari linazima ule msaada wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Kwenye mteremko wa mvua utateleza."

"Waitu, mwanangu, nimesikia," mzee akasema. Moyo wa Joviana ukatulia.

Kabla sensa haijafika, ukoo ukaitana kijijini Kimwani. Asubuhi ya safari Wilbert akaja anapiga mluzi.

"Nimelitibu!"

Mzee akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Taa ya breki haikuonekana kabisa.

Joviana akamtazama baba yake. Taa iliyo nzima huwaka kwanza ufunguo ukizungushwa, inajionyesha kwamba ipo, ndipo inazimika. Mzee huyo huyo ndiye aliyemfundisha. Isiyowaka kabisa imeng'olewa balbu. Mzee akazima, akazungusha tena. Giza.

"Pandeni twende," akasema.

Kule Kimwani, kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kililetwa mbele ya mzee. Hakukipitisha kwanza kwa wazee wa ukoo kama desturi. Akamnyoshea Wilbert achukue wa kwanza. Kila mtu akaelewa mrithi ni nani, vigelegele vikapigwa. Wilbert akatafuna huku akimkonyeza dada yake.

Joviana akamfuata baba yake migombani.

"Tata, hukuona taa?"

"Niliona."

"Ukajua balbu haipo?"

"Nilijua." Mzee akachuma jani kavu la mgomba, akalikunja. "Wewe utaolewa. Gereji yangu iende kwenye ukoo wa watu? Wilbert atajifunza."

"Ana mvi, tata. Atajifunza lini?"

Mzee akalitupa jani.

"Basi ule mtihani ulituwekea wa nini?"

"Nilidhani atashinda," mzee akasema.

Joviana hakulia. Alihamisha spana zake Ijuganyondo, akasimamisha kibanda cha mabanzi kando ya barabara. Wateja walimfuata polepole, wengi wakitumwa na Wilbert mwenyewe kwa kificho: hili mpelekeeni dada.

Mvua za masika zilipokolea, mzee naye akaja. Ubavu wa gari ulikuwa umekwaruzika wote, na kioo kimoja hakipo. Joviana hakuuliza mteremko gani. Akaitoa ile sensa ya Mwanza kwenye boksi lake, akaifunga, akatoa upepo, akarudisha balbu. Akazungusha ufunguo. Taa ikawaka, ikazimika.

"Sasa limepona," mzee akasema. Akabaki amesimama, anaangalia mlango wa kibanda. Ndani kikapu cha akamwani, cha kukaribishia wageni, kilionekana mezani.

Joviana akafuta mikono kwa kitambaa, akampa funguo.

"Karibu tena, mteja."